Jumatatu Tatu Zilizofutwa

Maiti zilikuwa tatu. Mbili zililala mlangoni mwa kanisa dogo la udongo, kilomita ya hamsini na sita kwenye barabara ya Bafwasende, na ya tatu ilikuwa nyuma ya kanisa, kifudifudi, nusu yake imeingia kichakani. Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Oktoba 2001, saa mbili asubuhi, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Baiskeli kumi na moja zilikuwa zimeangushwa ovyo uani. Hakuna hata moja iliyobaki na mzigo.

Inspekta Hemedi Lukumani, wa polisi ya upelelezi ya Kisangani, alilizunguka kanisa mara nne. Hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja hata siku za amani, na siku za amani zilikuwa zimeshaanza kusahaulika. Wale wawili wa mlangoni walitambuliwa mara moja na wenzao waliorudi kutoka msituni wakitetemeka: walikuwa wasukuma baiskeli, mmoja baba wa watoto watano. Yule wa kichakani hakujulikana na yeyote.

"Huyu njo mmoja wao," alisema msukuma mmoja mwenye jeraha begani. "Mi mwenyewe nilimupiga panga. Mungu anisamehe."

"Atakusamehe," alisema Hemedi, akapiga magoti.

Katika mfuko wa shati la yule mvamizi alikuta karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki. Ilikuwa orodha ya majina kumi na moja, kila jina na mzigo wake: chumvi, sabuni, kwinini, vitenge. Chini yake yaliandikwa malalo: Jumatatu, kilomita ya ishirini na nane, Jumanne, kilomita ya hamsini na sita, kanisani. Mwisho kabisa palikuwa na muhuri wa Kituo Lindi. Hemedi alilowesha kidole kwa mate akausugua muhuri ule. Wino haukutoka. Tena muhuri wa Kituo Lindi aliujua, ni wa zambarau, na huu ulikuwa mweusi. Aliandika hayo mawili katika daftari lake na kupiga mstari chini yake.

Huu ulikuwa msafara wa tatu kuvamiwa katika majuma matatu. Mto ulikuwa umefungwa na vita na ndege zilikuwa chache, kwa hiyo wafanyabiashara waliotoka Butembo na kufungua maduka Kisangani walipeleka bidhaa msituni kwa baiskeli za kusukumwa. Mahali pa kulala palibadilishwa kila safari. Palijulikana katika chumba kimoja tu mjini, pale Kituo Lindi, nyuma ya soko kuu, ambako wafanyabiashara hao walikuwa na kisahani chao cha setilaiti. Orodha iliandikwa pale kila Jumatatu asubuhi na kutumwa Butembo kwa wenye mali kwa barua pepe. Wavamizi hawakuwa wakikisia, walikuwa wakisoma.

Hemedi alirudi mjini jioni kwa pikipiki, mifupa imelegea, akaandika ripoti yake na kuipeleka. Lilikuwa kosa lake, na baadaye alilikiri. Nakala moja ilifika kwa kapteni wa jeshi la waasi lililoushika mji, na kapteni yule alikuwa mtu wa kumaliza mambo kabla ya chakula. Alisoma maneno "Kituo Lindi," akauliza nani huandika orodha, akatuma gari.

*

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke kijana aliingia ofisini kwa Hemedi bila kubisha hodi. Alikuwa Emérence Kyakimwa, msaidizi katika kitivo cha sayansi cha chuo kikuu, na viatu vyake vilikuwa vimejaa matope.

"Papa Inspecteur, bamemukamata kaka yangu. Muhindo, mwenye kuandika liste pale Lindi. Banamupeleka leo na avion, saa tisa."

"Wanampeleka wapi?"

"Hawasemi. Soldat aliniambia nimuletee chakula na nisirudi tena."

Hemedi alijua ndege hiyo. Watu wanne walikuwa wamepandishwa humo tangu Agosti na hakuna aliyesikika tena. Alihesabu: saa sita na nusu zilibaki. Alisimama, akachukua kofia yake.

"Kaa kidogo upumzike, halafu twende."

"Mi siwezi kukaa, papa."

"Hata mimi," alisema Hemedi, na wakatoka.

Walipanda toleka mbili, zile baiskeli za teksi zenye mto nyuma, na Hemedi alimhoji njiani, waendesha baiskeli wakienda sambamba na kulalamikia mashimo. Emérence alikuwa na kazi yake mwenyewe pale Lindi. Wafanyabiashara walimruhusu kutumia kisahani chao saa za mchana kwa ajili ya utafiti wake.

"Utafiti wa nini?"

"Kulinganisha namna mbili za kuzuia msongamano kwa réseau."

"Niambie kama unamwambia polisi."

Emérence alifikiri kidogo. "Papa, unajua kuvuka mto kwenda Lubunga. Watu wengi, pirogue, ile mitumbwi, chache. Iko mutu mmoja anasukuma tu, anaongeza mizigo, anaongeza, mpaka mizigo inaanguka kwa maji. Akipoteza njo anapunguza nusu, kisha anaanza tena. Huyo namuita Pupa. Iko mwingine anaangalia tu saa. Anasema, jana nilingoja kidogo, leo nimengoja sana, donc, basi, mbele yangu iko watu. Anapunguza mizigo yake mbele ya hata mmoja kuanguka. Huyo namuita Subira. Kompyuta zinatumaka vifurushi hivyo hivyo. Mi napima nani kati yao anafikisha mingi kwa ile njia yetu nyembamba."

"Unapima lini?"

"Lundi, mercredi na vendredi, njo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa sita kamili mpaka na nusu, mmoja. Kisha robo saa ya kupumzika, njia ikauke. Kisha yule mwingine. Papa Arthur, chef wa kituo, alibandika karatasi: saa ile mutu asiguse kitu."

"Nani anabaki na mashine?"

"Hakuna. Inafanya yenyewe. Mi na Muhindo tunakulaka kwa malewa ya Mama Augustine. Papa Arthur anafunga mlango, anaenda kusali."

"Na matokeo? Kila siku sawa?"

"Subira anamushinda Pupa kila siku. Ila siku tatu. Zile siku Subira alianguka kabisa, akafikisha sehemu moja tu kwa tatu. Niliziita siku mbovu, nikazifuta kwa kazi yangu."

"Siku gani?"

Emérence alifungua kinywa, na Hemedi aliona jibu likimfikia yeye mwenyewe kabla hajalitamka. "Lundi ya tarehe 24 septembre," alisema taratibu. "Lundi ya premier octobre. Na lundi hii."

Hemedi alimwambia mwendesha toleka asimame. Hizo zilikuwa Jumatatu za misafara mitatu iliyovamiwa.

*

Saa tatu na robo Emérence alikuwa amefungua kompyuta yake, katika chumba kidogo kilichotengwa na ofisi kwa pazia. Hemedi alitembea kutoka dirishani hadi ukutani na kurudi.

"Kwa nini ulizifuta?"

"Niliwaza ni mvua. Mvua ikinyesha, parabole, kile kisahani, inapoteza."

"Ilinyesha?"

Emérence aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole. Kila sekunde moja mashine yake ilituma salamu ndogo na kupima muda wa jibu kurudi, hata wakati wa mapumziko. Kwa kawaida jibu lilirudi baada ya muda unaozidi kidogo nusu sekunde. Jumatatu zile tatu, ndani ya dakika za mapumziko, majibu yalichelewa hadi sekunde mbili, na uchelewaji uliendelea mpaka ndani ya zamu ya Subira.

"Mvua ingepoteza salamu," alisema. "Hapa hakuna hata moja imepotea. Zote zimefika, ila zimechelewa. Iko mutu mbele yao kwa foleni. Iko mutu alikuwa anatuma kitu kikubwa. Papa, Subira alikuwa ananiambia. Mara ya kwanza tu aliniambia, na mi nikamufuta juu ya kuniharibia kazi. Wale batu wawili…"

"Utawalilia kesho. Leo tuna mmoja aliye hai. Alituma kitu kikubwa kiasi gani?"

"Orodha iliyoandikwa inapita sekunde mbili. Hii ilichukua dakika makumi mbili. Ni picha."

Hemedi alitoa karatasi ya mvamizi. Muhuri mweusi usiotoka kwa mate sasa ulieleweka. Mtu alikuwa amechukua karatasi iliyokwisha pigwa muhuri, akaitia kwenye skana, akatuma picha yake. Muhindo aliyekuwa na orodha yenyewe ndani ya kompyuta asingejisumbua hivyo. Isitoshe, baada ya kupigwa muhuri, karatasi haikurudi kwake. Ilikaa kabatini.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Papa Arthur. Na Constant, fundi."

*

Constant alikuwa juu ya paa akifunga waya. Alishuka akijifuta mikono. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho yasiyotulia.

"Jumatatu saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Mlango ulifungwa."

"Kwa groupe, nyuma. Naangalia mazout, mafuta yake."

"Jenereta iko chini ya dirisha la jirani anayeshona nguo. Nimemuuliza nilipopita. Anasema Jumatatu hakuoni saa ile. Anasema unatoka na gunia begani."

Constant alitazama chini. Hemedi alisogea karibu. "Mwenzako anaondoka saa tisa. Ukiwa na la kusema, lisemee hapa."

"Si mimi! Mi sijamuuza mutu."

"Gunia lilikuwa na nini?"

"Sisemi."

Mbele ya sheria, huyo alitosha. Alikuwa na ufunguo, alijua skana, alidanganya, na shangazi yake aliolewa Bafwasende. Mpelelezi mvivu angempeleka kwa kapteni akaenda kula. Hemedi alijua kwamba kapteni angemchukua Constant na asimwachie Muhindo. Alimshika fundi mkono. "Nionyeshe gunia lilikokwenda. Kwa mguu au kwa toleka?"

Lilikwenda Mangobo. Dada yake Constant alikuwa mkunga katika nyumba ndogo ya kuzalia wanawake, bila umeme tangu Juni. Pembeni ya kitanda palikuwa na betri ya lori yenye rangi ya Kituo Lindi na waya unaoelekea kwenye taa. Kila Jumatatu mchana Constant alileta betri iliyojaa na kuondoka na iliyokwisha. Dada alifungua daftari la uzazi: tarehe 8, saa sita na dakika arobaini, mtoto wa kike, na pembeni, "taa imeletwa na Constant." Tarehe 1 aliandika hivyo hivyo, saa saba kasoro dakika tano.

"Betri ni ya kituo," Constant alisema. "Papa Arthur akijua atanifukuza."

"Leo Papa Arthur hatakuwa na nafasi ya kukufukuza," alisema Hemedi. Kisha alimwomba abaki pale kwa dada yake mpaka jioni, asionekane mjini.

Saa tano na nusu alikuwa kwa Mama Augustine, akila lituma, ndizi zilizopondwa, kwa vidole vitatu huku amesimama. Mama Augustine alikoroga chungu bila kumtazama.

"Muhindo anakulaka hapa kila lundi na dada yake, toka midi, saa sita kamili, mpaka saa saba. Ile lundi ya courant kukatika, bo wote wawili walikaa mpaka samaki ikaisha."

"Lundi ipi?"

"Premier octobre. Umeme ulikatika mbele ya midi, kila mutu alikasirika."

Hemedi aliacha kula. Alirudi kituoni karibu akikimbia.

"Tarehe moja umeme ulikatika?" alimuuliza Emérence.

"Ndiyo. Groupe ilikawia. Zamu ya kwanza ilianza ikiwa imechelewa dakika makumi mbili na moja, ikaisha saa saba kasoro dakika tisa."

"Na yule mtu wa picha alianza lini?"

Emérence alitafuta. "Saa saba kasoro dakika nane."

"Na Jumatatu nyingine?"

"Dakika moja kisha ya midi na nusu." Aligeuka. "Hakufuata saa. Alingoja mpaka njia ikanyamaza, akangoja dakika moja tena, njo akatuma."

"Na hivi vidonda vitatu ni nini?" Hemedi aliweka ukucha kwenye mchoro. Kabla ya kilima kikubwa palikuwa na vichuguu vitatu vidogo, vimeachana sawasawa, kisha nafasi, kisha kilima. Jumatatu zote tatu, ila katika nafasi ya zile mbili za kwanza palikuwa na kichuguu cha nne, cha peke yake.

"Barua ndogo tatu. Sijui kwa nini. Barua pepe haina haja ya kubisha hodi."

Hemedi alifunga macho na kusikiliza kitu ambacho kila mtu wa Kisangani alikisikia miaka ishirini kupitia madirisha ya maduka: redio ya phonie, yenye masafa mamoja kwa mji mzima. Huko mtu alisikiliza kwanza. Mwingine akisema, unangoja. Akinyamaza, unangoja dakika moja tena kwa heshima, asije akawa anavuta pumzi. Kisha unaita mara tatu, unangoja kujibiwa, ndipo unasema.

"Papa Arthur alifanya kazi gani zamani?" aliuliza.

*

Papa Arthur Lofinda alikuwa mwendesha phonie kwa miaka ishirini na miwili. Alizaliwa Isangi, mtoto wa watu wa mto, na sasa alikuwa na miaka hamsini na nane, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alimkaribisha Hemedi saa sita na dakika kumi na tano. Nyuma ya pazia Emérence alikuwa amekwisha anzisha jaribio, ingawa haikuwa siku yake, na taa za modemu ukutani zilikuwa zikimetameta mfululizo.

"Inspecteur, hii mambo ya Muhindo inaniuma," alisema Papa Arthur. "Mutoto wa adabu. Hata leo sijakula."

"Jumatatu saa sita na nusu ulikuwa wapi, papa?"

"Kwa cathédrale. Kila lundi nasalia watoto yangu."

"Kuna aliyekuona?"

"Mungu."

"Kompyuta hizi unazitumia?"

"Mi mutu wa phonie. Hizi ni za watoto. Sijaigusa hata moja."

Hemedi alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na goti lake liliendelea kucheza. Alitoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Basi tumekwisha. Kapteni amekubali jambo moja. Wenye mali Butembo wakiandika kwamba wanamdhamini Muhindo, atamshusha. Barua ya kuwaomba hii hapa. Lakini Constant nimemshika, Emérence amekwenda kumpelekea kaka yake chakula, na mimi hata kuiwasha siwezi. Hakuna wa kuituma."

Kapteni hakuwa amekubali lolote. Hemedi hakupenda kusema uongo na uso wake ulikuwa umewaka, lakini Papa Arthur hakumtazama. Aliitazama barua. Saa ya ukutani ilisogea dakika nne nzima. Nje, mtu alikuwa akigombana na mwendesha toleka.

"Saa tisa?" Papa Arthur aliuliza.

"Saa tisa."

"Lete."

Aliketi mbele ya kompyuta ya Muhindo. Hakutafuta kitufe. Aliweka barua kwenye skana, akafunga kifuniko, akaandika, vidole vyake vikienda bila kusita. Picha ilitokea. Mkono wake ukafika mahali pa kutuma, ukasimama hewani. Macho yake yalikuwa kwenye taa za modemu.

"Tuma, papa! Muda unakwisha!"

"Ngoja. Iko mutu anasema."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na saba. Hemedi alimsihi, alimkemea, akapiga meza. Papa Arthur hakuondoa macho kwenye taa. Saa sita na nusu taa zilitulia. Hemedi alitazama saa ya mkononi. Sekunde kumi. Thelathini. Sitini. Ndipo Papa Arthur, picha ikiwa bado haijatumwa, alipoandika neno fupi akabonyeza, akaliandika tena akabonyeza, na mara ya tatu. Akaondoa mikono na kungoja.

Pazia lilifunguliwa. Emérence alisimama pale, mashavu yamelowa, na nyuma yake kioo kilionyesha vichuguu vitatu vimeachana sawasawa.

"Ni yeye," alisema. "Papa Arthur, ni weye."

Mzee hakugeuka. Aliendelea kutazama taa. "Nilijua," alisema. "Nilipokaa kwa hii kiti nilijua. Lakini barua ilitakiwa kwenda."

"Kwa nini phonie hukuitumia?" Hemedi aliuliza kwa upole uliomshangaza mwenyewe.

"Phonie, Kisangani nzima inasikia. Hii nilijifunza kwa kuangalia mabega ya Muhindo." Alivua miwani. "Mutoto wangu Jean-Paul iko mwalimu kule Bafwasende. Wale wavamizi walimuchukua août, mwezi wa nane. Mununuzi mmoja wa or, dhahabu, kule iko na parabole yake, yeye njo alileta maneno: kila lundi liste, na mutoto atakula. Kila lundi naita mara tatu, 'Jean-Paul, unanisikia?' Anajibu, 'Niko, papa.' Njo natuma."

"Na watu waliokufa?"

"Waliniambia watachukua mizigo tu. Mara ya kwanza walichukua mizigo tu."

"Na Muhindo?"

"Sikuwaza watamushika yeye."

"Lakini walipomshika ulinyamaza."

"Ningesema, ningemuua wangu."

Emérence alimsogelea. Hasira ilikuwa imemfanya anong'one. "Na lundi hii? Kwa mchoro wa lundi hii hakuna jibu. Uliita mara tatu, na nafasi iko tupu. Jean-Paul hakukujibu."

"Hakunijibu," alisema Papa Arthur.

"Na ukatuma?"

"Nilingoja. Nilingoja kuliko siku zote." Alivaa miwani tena. "Kisha nilituma."

*

Saa nane na nusu walikuwa kwenye uwanja wa ndege, wote watatu, ndani ya gari la kukodi lisilo na kioo cha mbele. Ndege ilikuwa imekwisha washa injini moja. Kapteni alimsikiliza Hemedi akiwa amesimama mlangoni mwa banda, akatazama picha za mchoro, akasoma maungamo yaliyotiwa saini.

"Vizuri," alisema. "Mtu kwa mtu."

"Huyu ni wa mahakama ya Kisangani, Kapteni. Kuna mauaji, kuna mtu wa Bafwasende anayepaswa kukamatwa, kuna mateka. Nikimpoteza huyu nimepoteza kila kitu."

"Nina nafasi moja kwenye ndege na nimeshaandika kwamba ina mtu. Chagua, Inspekta."

Hemedi alianza kutembea. Alikwenda hatua sita, akarudi sita. Alimchukia kapteni, na alijichukia kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Emérence alimtazama. Alikuwa amefumbata mikono hadi vidole vimepauka.

Papa Arthur ndiye aliyeshuka garini. Alinyoosha shati lake, akampa Hemedi kalamu zake mbili na karatasi yenye jina la mnunuzi wa dhahabu. "Umutafute Jean-Paul," alisema. "Hata kama ni kaburi." Kisha alianza kutembea kuelekea ndege peke yake, na askari wawili walilazimika kuharakisha ili wamfikie.

Muhindo aliteremshwa ngazi mikono imefungwa kwa kamba, jicho moja limevimba. Alipomwona mzee akija kwenye lami, uso wake wote ulifunguka.

"Papa Arthur!" alipiga kelele juu ya mngurumo wa injini. "Nilijua hautaniacha! Nilibaambia usiku wote, papa yangu wa kazi atakuja, yeye anajua mi sina kosa!"

Askari alimfungua kamba. Muhindo aliinama, akakamata mikono ya Papa Arthur yote miwili, akaiweka kwenye paji la uso wake. "Aksanti, papa. Aksanti sana. Mungu akulindie watoto yako."

Papa Arthur alisimama wima. Askari alivuta mikono ile kutoka kwa Muhindo na kuifunga kwa kamba ile ile, na mzee alianza kupanda ngazi bila kugeuka.

Muhindo alibaki ametabasamu kwa muda, kisha tabasamu likapotea polepole. Emérence alikuwa amemfikia na kumkumbatia kwa nguvu, uso kifuani pake.

"Emérence," alisema, akitazama juu ya kichwa cha dada yake. "Kwa nini banamufunga papa? Amefanya nini? Inspecteur, mubaambie! Ni yeye njo amekuja kunitoa!"

Mlango wa ndege ulifungwa. Muhindo alikuwa bado anauliza, na Hemedi, aliyekuwa na majibu yote katika daftari lake, alilifunga akiwa ameziweka ndani yake kalamu mbili za mzee, akaenda kumfungulia mlango wa gari.